Maziwa Yana Dawa

Ng'ombe wa Mukandayisenga aliitwa Gaju, na ndiye aliyemletea wageni. Watoto watatu wa mjane huyu wa kijiji cha Mugoma walikwisha kuhamia Kahama na kwingineko, nao huikumbuka namba yake ya simu Krismasi ikifika. Lakini kila asubuhi Priscila, binti wa jirani, alikuja na chupa, mgongoni kambeba Ndizeye wa miezi minane, yatima wa dada yake. Bibi humimina maziwa vikombe viwili; Priscila akimwaga habari za kijiji, yeye humpakata mtoto. Nusu saa hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Saa zilizobaki zilikuwa za kungoja.

Masika yale kupe walimvamia Gaju. Asubuhi moja, baada ya kukamua, Mukandayisenga alichanganya dawa ya dukani, akaipima kwa jicho. Vipimo vya kwenye kopo aliona ni vya watu walioanza kufuga jana. Akampaka ng'ombe kwa kitambaa hadi kwenye kiwele, kupe walikojazana.

Mchana akapita Samweli, bwana mifugo. Akanusa, akainama.

"Mama, umepaka kali, tena kwenye kiwele! Hii inaingia kwenye maziwa. Mtu mzima huenda asisikie kitu, lakini mtoto mchanga mwili wake mdogo, na maziwa ndiyo chakula chake. Siku saba asionje."

Siku saba bila Ndizeye! Kesho yake bibi alitamani kunyamaza, ajaze chupa kama kawaida. Mtoto akamnyooshea mikono, akamcheka kwa meno yake mawili. Hapo roho ikamsuta.

"Leo hakuna, mwanangu. Maziwa yana dawa."

"Dawa gani, mama?"

"Dawa tu. Rudi baada ya siku saba."

Angesema ni ya kupe, ingekwisha. Aliona haya kukiri kwamba amekosea vipimo, mzee mzima aliyezaliwa zizini. Na neno lenyewe ni hilohilo moja: dawa hutibu, dawa huua kupe, dawa huroga.

Tena kwao kumwaga maziwa mbele za watu ni aibu kubwa. Basi kila alipokamua alijificha nyuma ya migomba, akachimba shimo, akamimina, akafukia. Febronia, jirani wa upande wa pili, akamwona. Hakuuliza; alikwenda kusimulia. Jumapili kanisani Mukandayisenga alikaa kwenye benchi peke yake, na benchi lilikuwa la watu sita.

Siku ya nane Samweli akasema maziwa ni salama. Bibi akakamua, akafunika, akasimama mlangoni tangu jua la kwanza. Priscila akatokea barabarani, chupa mkononi, na hakukata kona kuingia kwake. Alikuwa amemfunika mtoto kwa kitenge hadi usoni, asitazamwe kwa jicho baya.

"Shikamoo, mama," alisema bila kusimama.

"Marahaba. Mwanangu, ilikuwa dawa ya kupe! Ya kupe tu!"

Priscila akakaza mwendo. Chini ya kitenge ulichomoza mguu mmoja, mnene, ukirusha mateke.

"Amenenepa," Mukandayisenga akasema. Akaingia ndani, akamimina vikombe viwili kwa mazoea, akanywa kimoja. Kisha akanywa na cha pili.