Violezo vya Mama Pindo

Mara ya kwanza kuongea na Mama Pindo tulibishana karibu saa nzima juu ya kipande cha baraza kisichotosha kulaza mkeka. Alitaka kuweka cherehani yake mbele ya duka langu la mitumba. Mimi nikataka kodi. Yeye akasema atakunja pindo la kila suruali nitakayouza.

"Suruali inayoburuta chini haiuziki, mzee wangu. Sasa hapa nani amlipe mwenzake?"

Nikakubali, nikijua nimebanwa.

Wiki ya pili akaiona kamusi ya Kiingereza katikati ya nguo zangu kuukuu. Tukapatana: yeye aichukue, mimi nishonewe vifungo vyote vilivyopungua dukani. Kiwanda cha sare kilikuwa kinatafuta msimamizi wa chumba cha kushonea. Oda zao huja kwa Kiingereza, na kila mwombaji angepewa moja aisome mbele ya meneja. Mama Pindo alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuinamia suruali za watu, na mgongo ulishamwambia basi.

Siku tatu baadaye akanitupia kamusi mezani. "Umenipa mbovu. Natafuta 'sewn', haimo."

"Haya, nirudishie, nami nikung'olee vifungo vyako."

Hakunirudishia. Alikaa nayo mpaka akagundua kwamba kamusi haihifadhi nguo iliyokwisha kushonwa, inahifadhi kiolezo tu: "sew". Basi akaenda nayo kifundi. Kila kitenzi akakikatia kipande cha karatasi ya kaki, umbo la msingi kwa herufi kubwa, mageuzi yake pembeni, akavitundika msumarini pamoja na violezo vya kola na mifuko. Yaliyomsumbua ni maneno yenye maana tele. "Fit" peke yake ilikuwa kukaa vizuri mwilini, kuwa na afya, hata kifafa.

"Kumbe suruali zangu zina kifafa?" nikamtania.

"Cheka tu. Neno ni kama mteja, humpimi hujamwona. Naangalia kwanza limekaa na nani."

Zikiwa zimebaki siku nne aende kiwandani kupimwa, yeye akiwa ameenda kununua uzi, wateja walinijaa na karatasi za kufungia zikaniishia. Niliona kaki msumarini. Mabaki, nikasema moyoni. Aliporudi, vitenzi vyake vyote vilikuwa vimeshaondoka na suruali za watu.

"Mzee, karatasi zangu?"

"Zipi? Yale mabaki?"

Akaenda kuushika msumari mtupu. Heri angenitukana. Nikamwambia nitamnunulia kaki mpya, bunda zima.

"Kaki ninunulie. Ila hutaishia hapo. Shika kamusi."

Fundi akipoteza kiolezo, huchukua nguo iliyoshonwa na kuifumua, vipande vimwonyeshe kilivyokuwa. Ndivyo alivyofanya. Nilimtajia neno lililokwisha kushonwa, naye akalifumua hadi msingi: "hung" likawa "hang", "torn" likawa "tear", kuchana.

"Na hiyo 'tear' nyingine?"

"Chozi. Utalitoa wewe nikikosa kazi."

Siku nne hizo sikuuza vya kutosha.

Meneja alimpa oda iliyojaa maneno yaliyokwisha kushonwa. Kama angeendelea kukariri violezo msumarini, sijui ingekuwaje. Alivyozoea kufumua, aliisoma mpaka chini, na palipoandikwa "press" akasema pasi, kwa sababu neno lilikaa karibu na kola. Mwombaji mwenzake mmoja alisema waandishi wa habari.

Sijidai kwamba nilimsaidia. Nilimharibia, akanitoza.

Sasa yeye ana kiti chenye mgongo na mafundi thelathini chini yake. Mimi nimebaki na baraza lilelile, na fundi mpya anayekunja pindo kama anafunga mzigo. Ila kiwanda kinapouza sare zenye kasoro, Mama Pindo hunipigia simu siku ileile wanayopigiwa wachuuzi wengine. Nikimwomba punguzo hunijibu, "Bei ni ya wote, mzee wangu." Nanunua, na bado napata faida.