Liwa Usoni mwa Mama

Mjukuu wangu anasaga liwa, ule mti wa kunukia wa kujipaka usoni, juu ya jiwe, na harufu yake inanirudisha kisiwani Nosy Be, tulikokimbilia pamoja na watu wa malkia wetu, wakati askari kutoka nyanda za juu walipotufukuza upande wa Mahajanga. Baba aliuawa kule. Mdogo wangu mchanga alikufa wiki ileile tuliyofika.

Mama alilia siku chache, kisha akanyamaza. Hakupika, hakuchana nywele. Mchana kutwa alilala akiutazama ukuta, na jiwe lake la liwa likajaa vumbi. Nilikuwa na njaa, na nilimwonea haya.

Shangazi alikuja akaniuliza mlangoni, "Mama yako anaumwa?"

"Haumwi," nilijibu kwa sauti iliyofika hadi ndani. "Mvivu tu."

Kesho yake nilimkuta mama ameketi, amejipaka liwa uso mzima kama aendaye harusini.

"Nenda kamwambie shangazi yako nimepona," alisema.

Machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye ile liwa. Nilichovya kidole kwenye liwa ya jiweni, nikaiziba ile mistari, kisha nikakimbia kwa furaha kupeleka habari.

Watu walimshukuru Mungu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena kumjulia hali.