Hema la Fisadi

Mwalimu mstaafu wa Lanet, yule msomaji aliyekuwa akinipigia simu kila nilipokosea neno katika safu hii, amefariki. Tulimzika juzi, nami nimerudi nyumbani na hasira nyingi kuliko huzuni.

Neno lililotukutanisha ni ufisadi. Niliwahi kuandika hapa kwamba ufisadi ni wizi wa mali ya umma. Asubuhi hiyohiyo simu ikalia, akaniuliza kama nilisoma au nilipita tu mbele ya shule. Akanieleza kwamba asili ya neno hilo ni Kiarabu, na linahusu kuharibika, jinsi kitu kilichokuwa kizima kinavyooza. Wazee wa Kiswahili walimwita fisadi mtu mpotovu, mvunja nyumba za watu na mharibu mabinti zao, na hakuna aliyemkaribisha hata chai. "Nyinyi mmemfanya mwizi wa ofisi," akasema, "na mwizi wa ofisi hapa kwetu anapewa kiti cha mbele."

Naye alimnyima mmoja kiti hicho. Kanisa lao lilifanya harambee, mwalimu akiwa msimamizi wa shughuli, akafika tajiri ambaye kila mtu alijua ndiye aliyeuza uwanja wa shule. Tajiri akasimama kungojea maikrofoni. Mwalimu akaanzisha wimbo, akaunganisha na mwingine, na mwingine tena, mpaka bwana yule akachoka, akaketi.

Basi juzi, mazishini, tajiri huyohuyo ndiye aliyehutubia kwa muda mrefu kuliko wote, akimwita marehemu rafiki yake wa chanda na pete. Kisa? Alikuwa ameleta hema na viti, bure. Alipomaliza tukapiga makofi, na mjane akaitwa atoe shukrani.

"Mzee wangu alikataa huyu mtu akiwa hai," mama akasema polepole. "Mimi siwezi kukaa kwa tenti yake leo. Tutakaa kwa jua."

Akatoka na binti zake, wakaketi nyasini kando ya jeneza. Niliwafuata nikidhani wengine wako nyuma yangu. Nilipogeuka, hema lilikuwa limejaa vilevile. Mchungaji yumo, walimu wenzake wamo, hata vijana waliojifunzia mpira katika uwanja ule uliouzwa wamo, wanajipepea kwa karatasi zenye picha ya marehemu.

Husemwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwalimu wangu, neno lako sasa nimelielewa. Sikujua tu kwamba sisi tunaoza kwa kukwepa jua.