Amina ya Mke wa Kinyozi

Watu walimwita Asali, naye kinyozi hakuwahi kulikataa jina hilo. Siku za kazi alinyoa vichwa kwenye kibanda chenye kioo kilichopasuka kona. Siku ya ibada alisimama mbele ya watu, na hapo ndipo ungemjua ni nani. Akitaja subira, wenye haraka walitulia vitini. Akitaja huruma, kina mama walitafuta leso. Hata wabishi walitoka wakitikisa vichwa na kusema mzee huyu kajaliwa mdomo.

Alijaliwa kweli, ila utamu ule ulikuwa na gharama yake, na mlipaji alikuwa mkewe. Kinyozi alipojifungia chumbani jioni kuandaa neno, nyumba nzima ilitakiwa iwe kimya kama maji mtungini. Redio izimwe, wajukuu wapelekwe kwa jirani, sufuria zisilie. Mama wa watu alijifunza hata kukoroga mboga bila mwiko kugusa ukingo. Sufuria ikilia, asali yote iliisha ulimini ikabaki pilipili. Kinyozi hakuona ubaya wowote. Kazi ya Mungu, alisema, inataka utulivu.

Jioni moja alikuwa akiandaa neno kuhusu huruma. Mkewe alikuwa jikoni, na tumbo lilikuwa limemkata tangu asubuhi. Alijikaza, akajikaza, mwisho akashindwa, akaguna.

"Mama, punguza sauti!" kinyozi alifoka kutoka chumbani. "Neno linanikatikia!"

Akapunguza. Alipunguza mpaka jirani yao muuza mkaa, aliyekuja kurudisha ungo, ndiye aliyemkuta amejikunja sakafuni, jasho linamchuruzika, ameuma upindo wa gauni ili asisikike. Muuza mkaa ndiye aliyemkimbiza hospitali. Mama alipasuliwa tumbo siku ileile, akapona chupuchupu.

Kinyozi alipokwenda kumwona, wagonjwa wa wodi ile walimtambua hata kabla hajaweka kikapu chini.

"Baba, umeletwa na Mungu! Tuombee."

Hakuwa mtu wa kubembelezwa kwa hilo. Alifumba macho, akaanza. "Ewe uliyezijua pumzi zetu kabla hatujavuta hata moja..." Ilikuwa dua ya kutoa nyoka pangoni. Wodi nzima ikaitikia amina, hata muuguzi aliyekuwa mlangoni na sinia la dawa. Mkewe peke yake alikuwa ametazama dari, midomo imefumbwa.

"Hukusikia?" kinyozi alimnong'oneza.

"Nimesikia. Umeomba vizuri sana."

"Sasa mbona hukuitikia amina?"

"Huyo baba aliyeomba simjui. Watu wanamsifu kwamba ni mpole, ana huruma. Nyumbani kwangu hajawahi kufika. Siku akija, mkaribishe, na mimi nimwone."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata kinyozi maini. Kisha akamweleza kwa sauti ileile kwamba binti yao amesema mama akiruhusiwa kutoka hospitali aende akakae kwake.

"Ukae mpaka lini?"

"Sijui. Kule sufuria zinalia."

Kinyozi alirudi nyumbani amenywea. Njiani alitafuta maneno ya kumrudisha mkewe, akayapata, tena mazuri. Aliyasema kwa sauti ili ayapime. Yalikuwa matamu mno, kama ya siku ya ibada, akayaacha. Aliogopa. Alimpenda yule mama, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba yeye ndiye pekee aliyekuwa na habari hizo.

Siku iliyofuata wagonjwa walimtaka tena dua.

"Leo niombeeni ninyi," alisema. "Mimi nimekuja kufua."

Akachukua gauni la mkewe lililochafuka damu, akachutama bombani uani. Wanawake waliokuwa pale walicheka mpaka wakashika mbavu. "Baba, sabuni unaisugua kwenye nguo, si kwenye beseni!" Akasugua kwenye nguo. Maji yalimlowesha suruali. Mwishowe alianika gauni kwenye kamba iliyopita mbele ya dirisha la wodi.

"Ligeuze ndani nje," sauti dhaifu ilitoka dirishani. "Rangi itapauka."

Zamani mwenye sauti ile angepewa mhadhara. Kinyozi aliligeuza gauni, akaingia ndani, akasimama kando ya kitanda, mikono inachuruzika maji. Hakuwa ameandaa kitu.

"Uliguna," alisema. "Ulikuwa unakufa, mama, nami nikakufokea kwa ajili ya... kwa ajili ya huruma." Neno likamkatikia pale pale.

Mkewe alimtazama. Hakusema amina, na habari za kwenda kwa binti hakuzigusa. Alivuta miguu polepole, akikunja uso kwa maumivu ya mshono, akamwachia nafasi ya kukaa.