Farasi wa Sebuleni Hässelby

Kila Jumanne asubuhi nilikwenda Hässelby, mtaa wa pembezoni huku Uswidi, kumhudumia bibi mmoja mjane, na kila Jumanne sultani yule alinipokea kutoka ukutani. Ilikuwa picha kubwa ya rangi za mafuta, juu ya kochi: mtawala mwenye kilemba, upanga na joho jekundu, ameketi juu ya farasi mweupe. Sikumpenda. Mchoraji alikuwa amehangaika na kila uzi wa joho lile, lakini mtu mweusi aliyesimama chini kumshika farasi, peku juu ya mawe, uso wake aliupaka harakaharaka kama anayewahi treni. Bibi aliipenda picha hiyo kuliko kitu chochote mle ndani, kwa hiyo niliipangusa vumbi nikanyamaza.

Wakati huo baba yangu alikuwa hasemi nami. Mama alifariki Nairobi na sikwenda kumzika, maana karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na kama ningetoka nisingeweza kurudi. Nyumbani wote walielewa isipokuwa yeye. Kila wiki kaka yangu alinipigia simu ya video, akamwekea baba mbele ya uso. Baba aliguna, akatazama pembeni. Miezi minane ya kuguna. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ilinichosha kuliko kazi.

Jumanne moja kaka alipiga nikiwa namkorogea bibi uji. Bibi akaniambia nipokee. Aliposikia kwamba ni baba yangu alichangamka, akaiomba simu, akaigeuza kuelekea ukutani amwonyeshe mgeni fahari yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba alitunza farasi wa mashindano tangu ujana wake hadi alipostaafu. Nikasikia sauti yake, ile ya zamani ya kutoa amri zizini.

"Mwambieni huyo mzee ashuke. Amekaza hatamu sana, farasi anaumia mdomo."

Nikamtafsiria bibi kwa Kiswidi. Akavaa miwani, akasogea, akauchunguza mdomo wa farasi aliyeishi naye miaka yote hiyo.

"Kweli," alisema. "Maskini."

"Na huyo anayemshika," baba akaendelea, "mbona wamemwacha bila viatu kwa mawe?"

"Sijui, baba."

Akaguna. Nikadhani tumerudi kwenye kuguna.

"Na wewe? Hapo kwa hiyo baridi, uko na viatu?"

Nilitazama miguu yangu. Kwa Waswidi viatu huvuliwa mlangoni. Nilikuwa na soksi tu, moja imetoboka kidoleni. Machozi yalinitoka nikiwa bado nimeshika mwiko.

"Niko navyo, baba," nikamwambia. "Viko hapo mlangoni."