Mamangu, kiwavi wa viazi na picha moja iliyobaki kwa filamu

Niaje wakuu. Hii sijaitunga, na picha bado ninayo.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mpiga picha Kitale, za pasipoti na za harusi. Nyumbani ni Kabuchai, huko Bungoma.

Mzee wetu alikuwa ameaga, na mama akabaki kukaa tu kwa mlango. Shamba hagusi. Chakula anaonja anaacha. Koti ya mzee ilibaki kwa msumari chumbani, na ole wako uiguse.

Niliogopa bana. Niliona tutamzika na yeye.

Jumamosi moja nimerudi nyumbani, nikapata kiwavi kwa majani ya viazi vitamu, mnene, ana kapembe nyuma. Mimi napenda wadudu tangu utotoni, msiniulize kwa nini. Nikamweka kwa kopo yenye udongo, nikampiga picha.

Nikamwambia mama, "Mpee majani kila siku. Nataka kumpiga picha mpaka akuwe nondo."

"Wenzako wanapiga maharusi picha, wewe unapiga minyoo," akasema.

Wakuu, tangu matanga hakuwa ameongea maneno mengi hivyo.

Lakini majani ni shambani, si ilibidi aingie? Wikendi iliyofuata nilipata amepalilia mstari mmoja wa viazi.

Kiwavi naye akajizika kwa udongo, akawa pupa, ile kitu ya kahawia watoto wa kwetu hushika wakiuliza, "Bungoma iko wapi?" halafu inapinda mkia kuonyesha. Najua inajikunja tu ikiguswa, lakini enda uwaambie watoto.

Filamu ilibaki picha moja, na kazi Kitale inaniita. Nikamwachia mama kamera. Angalia hapa, finya hapa. Nikaenda nikijua hataigusa.

Wiki mbili baadaye narudi, koti ya mzee iko kwa kamba nje, imefuliwa.

Mama akanieleza akicheka, na aibu kidogo. Ati alishika ile pupa, akaiuliza, "Mzee ako wapi?" Ikapinda mkia, ikaonyesha chumba chenye koti.

"Nikaona basi, wacha niitoe ipate jua," akasema.

Akaifua, akaitundika kwa kamba, kopo chini yake. Jioni nondo akatoka, mabawa yamekunjamana, akapanda mkono wa koti, akakaa hapo mpaka yakanyooka.

"Na picha?"

"Nilifinya."

Nilipoisafisha hiyo filamu kwa studio Kitale, nondo amekatwa nusu na kidole cha mama kimefunika kona. Picha mbaya kabisa. Ndiyo ninaipenda kuliko zote nimewahi kupiga.

Siku hiyo ya koti mama alikula ugali, akamaliza, akanisukumia sahani nimwongezee. Nilienda jikoni nikalia kidogo.

Nilichojifunza: ukiona mtu amekaa kwa mlango hivyo, usimwambie ajikaze. Mpee kitu cha kulisha, hata kama ni mdudu.

Haya, na nyinyi kwenu mlikuwa mnauliza pupa nini? Semeni, hakuna wa kuwacheka hapa.