Mama alikataa kukanyaga majivu, mimi nikapata wardrobe

Wakuu habari zenu, na vijana niaje. Leo nimekumbuka kitu nikacheka peke yangu jikoni hadi watoto wakauliza kama niko sawa. Ni yangu mwenyewe na sijatia chumvi.

Miaka ya mwanzo ya 2000, mimi na Baba Mwende tulikuwa tunajenga nyumba yetu ya kwanza, nje kidogo ya Machakos town.

Tangu tuoane nguo zangu zilikaa kwa sanduku chini ya kitanda. Ukitoa sketi ya kanisani, imejikunja kama karatasi ya kufungia nyama. Kwa nyumba hiyo mpya nilitaka kitu kimoja tu: wardrobe ya ukutani, ukuta mzima!

Shida ni kwamba ramani ilikuwa na nafasi moja tu ya ziada, nyuma ya bedroom yetu. Baba Mwende akaitaka iwe stoo ya mahindi na maharagwe, mlango ufungukie bedroom. Eti mtu mwenye akili analala karibu na chakula chake. (Watu wa Ukambani mnajua, mvua ikikataa, gunia ni mali.)

Tulibishana, akashinda. Nilinuna, siwadanganyi.

Siku moja kabla ya kuchimba msingi, fundi akaja akapiga kamba, akamwaga majivu chini kuonyesha kila ukuta. Wakuu, hasira yote iliniisha. Nyumba yetu, jamani! Tukawa tunapiga hodi hewani na kukaribishana. Baba Mwende akalala chini kabisa, mle bedroom, apime kama kitanda kitatosha.

Hapo ndipo mama yangu mzazi akafika kutoka Ndithini na debe la maharagwe. Yeye ndiye alikuwa anakaa na watoto na kuwapikia nikienda kazini.

"Mama, peleka stoo!" nikamwambia, nimejaa furaha.

Akafuata koridoo vizuri, akafika kwenye mstari wa bedroom, akasimama. Akageuza uso pembeni.

Kwetu Wakamba, mama mkwe haingii pale mkwe wake analala. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na haina mjadala. Hata kama ukuta ni majivu na kitanda ni nyasi.

"Sasa nyinyi," akasema akiangalia milima, "huyu mkwe wangu analala hapo. Mimi hiyo maharagwe nitakuwa nikitoa aje? Watoto wakae njaa wakingoja mrudi?"

Baba Mwende aliruka juu, akatoka mbio akipita katikati ya ukuta! Fundi alicheka hadi akakaa kwenye mchanga. Mimi machozi yalinitoka.

Kutoka mbali, Baba Mwende akapaza sauti, "Fundi, kata sitting room kidogo, stoo iwe kando ya jikoni."

"Na hapa nyuma ya bedroom niweke nini?"

Nikajibu kabla mtu hajavuta pumzi. "Wardrobe!"

Baba Mwende angebishana vipi, na mama mkwe amesimama pale?

Siku ya kuhamia nilifungua milango ya wardrobe, nikafunga, nikafungua tena. Baba Mwende akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu, naangalia tu.

Funzo langu ni hili: kabla ya kuchimba, mwaga majivu, kisha mwite mama mkwe atembee ndani. Atakuonyesha mlango uliokosewa bila hata kuchora.

Haya, kwenu stoo iko wapi, na nani haruhusiwi kuifikia? Semeni, niko hapa nacheka.